Edmond Thieffry, avoka aliyetafutia Congo njia ya ndeke

Kamina iko na reli, na iko na viwanja viwili vya ndeke: kimoja cha muji, kingine cha base ya jeshi. Kwa mukaaji wa Katoto ao wa sehemu ingine ya muji, ndeke si kitu cha ajabu. Lakini kuna swali moja ambalo linarudi kila mara watu wanapozungumuza juu ya pisti na viwanja: ni nani analipa kazi ya kiwanja, na ni nani anaipanga?

Swali hilo si la leo. Tangu miaka ya 1920, mutu mumoja alilibeba toka ofisi moja hadi ingine kule Ubelgiji, akalisafiria, na mwishoni akafia mashariki ya Congo, karibu na ziwa Tanganyika. Jina lake ni Edmond Thieffry.

Avoka aliyevunja ndeke nyingi

Thieffry alizaliwa tarehe 28 Septemba 1892 kule Etterbeek, pembeni ya Bruxelles. Alisomea sheria kwenye universite ya Louvain na akakuwa avoka. Mwaka wa 1914, vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, alikuwa katika jeshi, kazi yake ni kupeleka barua za wakubwa kwa piki-piki. Wajerumani walimukamata. Hakukaa sana mikononi mwao: alitorokea Uholanzi juu ya piki-piki yao wenyewe, kisha akarudi kwa wenzake.

Mwaka wa 1915 alianza kujifunza kuendesha ndeke. Mwanzo ulikuwa mubaya. Alivunja ndeke kisha ndeke wakati wa kutua, mupaka watu wakaanza kumucheka. Lakini walipomupa ndeke ya mutu mumoja, ile ya kupigana, mambo yakageuka. Aliangusha ndeke 10 za adui, na akahesabiwa kati ya mapiloti watatu wakubwa wa Ubelgiji katika vita ile. Tarehe 23 Februari 1918 na yeye aliangushwa. Alipona, lakini alikaa kifungoni hadi vita ikaisha.

Kisha vita alirudilia kazi yake ya avoka. Wengi wa rika lake waliachana na ndeke. Yeye hapana. Kichwa chake kilikuwa Congo.

Muto ulikuwa kiwanja cha bure

Wakati ule, mutu aliyetoka Ubelgiji kuja Congo alimaliza zaidi ya wiki mbili juu ya bahari. Akifika Matadi, bado: reli mupaka Léopoldville, ni kusema Kinshasa ya leo, halafu masuwa juu ya muto, halafu reli tena. Kwa mutu wa Katanga, barua ilikuwa inafika wakati habari yake imeisha kuzeeka.

Mashariki ilikuwa imeisha kuona ndeke kabla ya hapo. Mwaka wa 1916, Wabelgiji walitumia ndeke za kutua juu ya maji kwenye ziwa Tanganyika, wakazitupisha mabomu kule Kigoma kupiga Wajerumani. Kisha, mwaka wa 1920, mufalme Albert wa Kwanza alitaka kuwe na njia ya ndeke katika koloni. Njia ile ilipewa jina lake, na ilifuata muto Congo. Ilianza Kinshasa, na mwaka wa 1921 ikafika Stanleyville, ni kusema Kisangani, zaidi ya kilomita 1,700.

Sababu ya kuchagua muto ni rahisi kuelewa. Ndeke zile zilikuwa zinatua juu ya maji. Hakuna muti wa kukata, hakuna kichuguu cha kubomoa, hakuna pisti ya kulipa. Muto ulikuwa kiwanja cha bure. Lakini mwaka wa 1922 njia ile ilifungwa. Na hata kama ingeendelea, isingesaidia Katanga, sababu toka Kinshasa hadi kusini ya inchi hakuna muto mumoja unaokwenda moja kwa moja. Kwa kufika huku, ilihitaji viwanja vya inchi kavu. Na kiwanja cha inchi kavu kinaomba feza.

Tarehe 23 Mei 1923, kampuni SABENA ilizaliwa. Haikuwa mali ya wafanya biashara peke yao. Serikali ya Ubelgiji na koloni la Congo viliingia ndani na feza yao pamoja na kampuni binafsi. Ni kusema, tangu mwanzo, ndeke ya Congo haikuruka kwa bei ya tiketi tu. Iliruka kwa feza ya serikali, ile inayotoka kwa kodi.

Siku 51, saa 75

Hapo ndipo uavoka wa Thieffry ulimusaidia. Kuendesha ndeke alijua, lakini kazi ya kwanza ilikuwa kushawishi. Alibisha milango ya wizara na ya kampuni, akapata musaada wa mufalme Albert, na SABENA ikakubali kutoa ndeke: Handley Page ya mota tatu, iliyoitwa Princesse Marie-José, jina la binti wa mufalme.

Tarehe 12 Februari 1925 waliondoka Bruxelles watatu: Thieffry kama mukubwa wa safari, piloti Léopold Roger, na fundi wa mota Jef De Bruycker. Walipita Ufaransa na Hispania, wakavuka bahari mupaka Oran, wakapita jangwa la Sahara, Gao, Niamey, Zinder, Fort-Lamy ambayo leo ni N'Djamena, na Bangui. Tarehe 3 Aprili 1925 walitua Léopoldville. Walikuwa wa kwanza kuunganisha Ubelgiji na Congo kwa ndeke.

Safari ilikuwa ya kilomita zaidi ya 8,000 na ilichukua siku 51. Lakini ukihesabu saa ambazo ndeke ilikuwa angani kweli, ni karibu 75 tu. Saa 75 ni siku tatu na kidogo. Siku zingine zote walikuwa chini: kungojea, kutengeneza, kujaza esansi, kutazama mawingu.

Hesabu ile ilisema kila kitu. Mota haikuwa shida ya kwanza. Shida ilikuwa chini: viwanja vinavyoachana mbali, esansi ambayo lazima ipelekwe mbele, kukosa habari ya hali ya hewa. Kama serikali inataka ndeke ziende mbio, lazima iweke feza chini, si angani.

Majani yanaota kila mvua

Mwaka wa 1926, SABENA ilikuwa na njia ndani ya Congo: Boma, Léopoldville, mupaka Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Ilikuwa kilomita 2,288, juu ya pori kubwa. Kwa ndeke za wakati ule, zisizoweza kwenda mbali bila kutua, ilihitaji kituo kisha kituo. Kila kituo kinaomba kiwanja cha sawa sawa, akiba ya esansi, walinzi na wafyekaji.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo vitabu vya mapiloti havisemi sana. Mikono iliyokata miti na kusawazisha udongo ilikuwa ya wanakijiji. Chini ya ukoloni, mukubwa wa teritware akiamuru kazi, watu wanatoka. Hawakuulizwa kama wanataka kiwanja, na ndeke ile hawakuipanda. Majina ya mapiloti yanajulikana hadi leo. Majina ya wale waliofyeka hayakuandikwa.

Na kazi yao haikuwa ya siku moja. Ndeke inanunuliwa mara moja, lakini majani yanaota kila mvua. Kiwanja kisichofyekwa miezi michache kinarudi kuwa pori. Serikali yoyote inayotoa feza ya kujenga bila kuweka feza ya kutunza, inajenga kwa kuharibika.

Mwisho karibu na ziwa

Mwaka wa 1928, Thieffry alijaribu mara mbili tena kutoka Ubelgiji kuja Congo kwa ndeke ndogo. Mara zote mbili alishindwa kufika. Hakuacha. Mwaka wa 1929 alikuja Congo na mupango mwingine: kuchunguza namna ya kuweka huduma ya ndeke ndani ya inchi yenyewe, ile ya kuunganisha sehemu na sehemu bila kuwaza Ulaya.

Tarehe 11 Aprili 1929, ndeke yake ya aina ya Aviméta ilianguka karibu na ziwa Tanganyika. Thieffry alikufa pamoja na piloti Gaston Julien. Mwenzao wa tatu alipona. Thieffry alikuwa na miaka 36.

Kazi aliyoanza ilimalizwa na wengine. Tarehe 23 Februari 1935, SABENA ilifungua safari za kawaida kati ya Ubelgiji na Congo, na ndeke ya kwanza ilikuwa na jina Edmond Thieffry. Ilifika kwa siku tano na nusu. Mota zilikuwa zimeendelea, ni kweli. Lakini njia nayo ilikuwa imetengenezwa. Leo, kule Etterbeek, kituo kimoja cha metro kinaitwa kwa jina lake.

Toka Thieffry mupaka Kamina

Kisha vita ya pili ya dunia, Ubelgiji ilimwanga feza nyingi hapa Kamina kujenga base kubwa, na mwaka wa 1953 shule ya mapiloti ya jeshi lake ilihamia huku. Mupango ule ulifanywa kwa faida ya jeshi la Ubelgiji, si kwa faida ya mukulima wa Haut-Lomami. Mwaka wa 1960 wakoloni walikwenda, pisti ilibaki. Kutunza kulibaki pia.

Viwanja vya raia vya inchi viko chini ya RVA, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka wa 1972. Na tangu mwaka wa 2009, kila musafiri wa ndeke analipa Go-Pass. Ilipoanza, ilikuwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya inje. Feza ile iliwekwa kwa kazi moja: kuendelesha viwanja vya ndeke.

Hapo kuna tofauti kubwa na wakati wa Thieffry. Yeye alibisha milango ya mufalme na ya waziri, na wanakijiji walifyeka bila kuulizwa. Leo anayelipa ni musafiri mwenyewe, na ana karatasi ya malipo mukononi. Mutu aliyelipa ana haki ya kuuliza kiwanja gani kimepangwa kutengenezwa, kwa feza ngapi, na ni nani atafyeka majani mwaka unaofuata.