Edward Saidi Tingatinga, Mchoraji wa Wanyama

Mtu akisimama Msamvu wakati wa asubuhi na kuitazama milima ya Uluguru, huona rangi nyingi: samawati ya vilele, kijani cha misitu, na weupe wa mawingu. Hakuna kibao kitoshacho kuchukua hayo yote. Yampasa mchoraji kuchagua machache na kuyapanga vema. Edward Saidi Tingatinga alijua sana kuchagua.

Alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini ya Tanganyika. Watu wake walikuwa wakulima, naye alipata masomo machache tu. Alipokuwa kijana aliondoka kwao, akaenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Baadaye akahamia Dar es Salaam, akafanya kazi za namna nyingi ili apate riziki.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na fedha za kununua vitambaa vya wachoraji wala rangi zao za thamani. Basi akatwaa vibao vyembamba vya kutengenezea dari, vilivyokatwa mraba, kiasi cha futi 2 kila upande, akatumia rangi ing'aayo ya kupakia baiskeli. Kwanza alipaka kibao chote rangi moja. Ilipokauka, alichora juu yake mnyama mmoja, chui au tembo au ndege, kwa mistari iliyo wazi, hata mnyama akaujaza mraba. Kisha akatia madoadoa. Hakutaka chui wake afanane katika kila jambo na chui wa porini. Aliyatazama maungo yake na madoa yake, akayafanya kuwa pambo lenye utaratibu.

Picha hizo ziliuzwa Oysterbay, karibu na duka lililoitwa Morogoro Stores, na wageni wakazipenda. Wala Tingatinga hakuuficha ujuzi wake. Aliwaita jamaa zake wachache, akawafundisha.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania kuwa mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa muda wa miaka 4 tu. Kazi yake ingaliweza kuzikwa pamoja naye, lakini wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kuishika. Wakaendelea kuchora, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika chenye jina lake. Hata leo picha za namna ile huitwa tingatinga. Maisha yake yalikuwa mafupi, bali ujuzi aliowagawia wenzake umedumu.