Maisha ya Martin Kayamba, Msemaji wa Watu

Vijana wa parishi yetu wameanzisha chama cha kujifunza kusema mbele ya watu, nasi wazee tumeombwa kuwasaidia kukiongoza katika miezi yake ya kwanza. Ni jambo jema. Lakini kabla chama hakijatimiza mikutano mitatu, maswali mawili yamekwisha kuzuka. La kwanza, je, wapokewe waliomaliza sekondari tu, au pia fundi cherehani wa Majengo na mama anayeuza ndizi Kiboriloni? La pili, je, mazungumzo yawe kwa Kiingereza kitupu, ili wanachama wapate manufaa ya kazi, au kwa Kiswahili?

Maswali haya si mageni. Zaidi ya miaka 100 iliyopita yaliwakabili makarani wa mji wa Tanga. Kwa hiyo tumeonelea heri tuwasimulie wasomaji habari za mtu aliyewaongoza makarani wale, Bwana Martin Kayamba. Mwanahistoria mmoja aliyeandika maisha yake mwaka 1973 hakumpa cheo kingine ila kile cha msemaji.

Hugh Martin Thackeray Kayamba alizaliwa tarehe 2 Februari 1891 huko Mbweni, Unguja, mahali ambapo Misheni ya UMCA iliwaweka watu waliokombolewa katika utumwa. Yeye mwenyewe hakuwa wa ukoo wa watumwa. Baba yake, Hugh Peter Kayamba, alikuwa mtu wa Bonde, wa ukoo wa Wakilindi waliotawala Usambara. Alisomeshwa na misheni hata akapelekwa Uingereza, kisha akarudi kuwa mwalimu.

Sisi wa Moshi habari za UMCA hatuzijui sana, maana Waanglikana wa kwanza kukaa mlimani walikuwa wa CMS. Walianza kazi kwa Mangi wa Moshi mwaka 1885, wakaondoka mwaka 1892 walipokosana na Wajerumani, na mahali pao pakachukuliwa na Walutheri. UMCA ilikuwa na asili nyingine. Ilitokana na hotuba ya Dk. Livingstone, aliyoitoa mbele ya wasomi wa Cambridge mwezi Desemba 1857. Wanaosema kwamba maneno matupu hayana kazi, na waifikirie hotuba ile. Kutokana nayo zilitokea shule, hospitali na makanisa toka Unguja hadi Ziwa Nyasa.

Martin alisoma Kiungani, chuo kikubwa cha misheni hiyo huko Unguja. Pale walikutana vijana wa Bonde, wa Masasi na wa pande za Nyasa, Wabondei, Wayao na Wamakua. Kila mmoja alikuja na lugha ya kwao, na wote walitoka wakisema Kiswahili na Kiingereza. Sisi tuliopitia vyuo vya ualimu tunajua faida ya bweni la namna hiyo. Kijana anayelala kitanda jirani na mtu wa kabila lingine hujifunza mapema kwamba si kila mtu atamwelewa kwa kusikia nusu ya sentensi.

Baada ya masomo alifanya kazi mahali pengi, Unguja, Kenya na Uganda, mara mwalimu, mara karani. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 alikuwa amekuja bara katika mambo ya biashara. Wajerumani walimshuku, kwa kuwa alikuwa mtu wa Unguja aliyejua Kiingereza na kulelewa na misheni ya Waingereza. Wakamtia kizuizini. Alipata uhuru wake mwaka 1916, majeshi ya Wajerumani yaliporudishwa nyuma. Yafaa vijana wakumbuke jambo hili. Mtu huyu aliyesifiwa baadaye kwa upole wa maneno alikuwa amekwisha kuonja kifungo.

Serikali ya Waingereza ilipoingia, Kayamba aliajiriwa katika ofisi ya wilaya ya Tanga, akapanda hadi kuwa karani mkuu. Kazi ya karani siku zile haikuwa ndogo. Mwananchi aliyeleta shauri la shamba au la kodi hakujua Kiingereza, na Bwana Shauri mara nyingi hakujua Kiswahili cha kutosha. Katikati yao alisimama karani. Akipunguza neno moja, mtu aweza kupoteza haki yake. Hapo ndipo Kayamba alipozoea kubeba maneno ya wengine bila kuyamwaga njiani.

Mwaka 1922, hapo hapo Tanga, yeye na wenzake waliunda chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika, naye akawa rais wake. Kwa nje kilionekana kama klabu tu. Kilikuwa na chumba cha kusomea magazeti, timu ya mpira wa miguu na masomo ya jioni. Lakini tazameni ni nani waliokutana ndani yake. Wako waliotoka shule za misheni, Wakristo, ambao wengi wao walikuwa wa Unguja na Bonde. Wako pia Waislamu wa pwani, ambao wengi wao walisoma katika shule ya serikali ya Wajerumani pale Tanga. Makundi haya mawili yaligombea kazi zile zile na kutazamana kwa mashaka. Kuwakalisha katika chumba kimoja, chini ya mwenyekiti mmoja, wakasikilizana kwa zamu, lilikuwa jambo kubwa kuliko lilivyoonekana.

Tuwaeleze vijana wetu jinsi chama cha namna hiyo kinavyomfunza mtu. Mwenyekiti hufunza subira, maana hana budi kumpa nafasi hata asiyempenda. Katibu hufunza ukweli, maana kumbukumbu zikisomwa mkutano ujao, kila aliyesema atajua kama maneno yake yameandikwa sawa. Mweka hazina hufunza uaminifu kwa senti ndogo, ili watu waweze kumwamini kwa nyingi. Mwanachama wa kawaida hufunzwa kuomba ruhusa, kusimama, kutoa hoja moja, na kuketi. Mtu aliyejifunza hayo katika shauri la kununua mpira ataweza kuyafanya katika shauri la ardhi.

Hata hivyo hatutaki kukisifu chama kile kupita kiasi. Kilikuwa chama cha watumishi wa serikali. Mkulima hakuwamo, mchukuzi wa bandarini hakuwamo, na wanawake, ambao hawakuajiriwa katika ofisi zile, hawakuwamo. Tena mtumishi wa serikali hawezi kusema yote aliyo nayo moyoni, maana mkono unaomlisha ndio anaotaka kuulaumu. Ndiyo sababu tunaona ilikuwa hatua ya maana mwaka 1929, ilipoundwa Dar es Salaam African Association. Rais wake wa kwanza alikuwa mwalimu, Cecil Matola, na katibu wake Kleist Sykes. Jina lake halikutaja tena utumishi wala serikali, bali Uafrika tu, na matawi yake yalienea nchini katika miaka iliyofuata.

Sasa tuje kwenye safari iliyomfanya Kayamba ajulikane, ambayo inatuhusu sisi wa mlimani moja kwa moja. Katika miaka ya 1920 walowezi wa Kenya walitaka Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe. Watu wetu waliogopa kwamba muungano huo ungewapa walowezi wa Kenya sauti kubwa juu ya nchi tatu. Wachagga walikuwa na sababu yao mahsusi ya kuogopa. Kenya wakati ule Mwafrika hakuruhusiwa kulima kahawa, nao walowezi wa Moshi na Arusha walitaka Mchagga naye azuiwe. Ndiyo maana mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro walikuwa wameunda chama chao cha kahawa, kikiongozwa na Joseph Merinyo wa Old Moshi. Chama hicho ndicho kilichoitangulia KNCU ya mwaka 1933. Kila aliyesomeshwa kwa fedha za kahawa katika mteremko huu, toka Machame hadi Rombo, na aelewe kwamba shauri hilo lilikuwa juu ya karo yake.

Mwaka 1931 Bunge la Uingereza liliweka kamati ya wajumbe wa mabaraza yake mawili kusikiliza mashahidi juu ya muungano huo. Toka Tanganyika walipelekwa Waafrika watatu: Mtemi Makwaia wa Shinyanga, Francis Lwamgira wa Bukoba, na Martin Kayamba. Walisafiri mpaka London, wakasimama mbele ya mabwana wa Bunge, wakaulizwa maswali, wakajibu. Walisema hawautaki muungano huo. Kamati ilipotoa taarifa yake mwaka ule ule, ilisema wakati wa kuziunganisha nchi hizi haujafika.

Si haki kusema kwamba watu hao watatu peke yao waliuzuia muungano. Wahindi nao walikuwa na hoja zao, mashahidi wa Kenya na Uganda nao walisema, na hata baadhi ya wakubwa wa serikali hawakuupenda. Lakini kwa mara ya kwanza Waafrika wa nchi hii walisikilizwa na Bunge lenyewe, wakasema kwa utaratibu na kwa hoja. Sisi tunaamini kwamba Kayamba asingeweza kusimama London kama hangekuwa amesimama mara nyingi Tanga, mbele ya watu thelathini au arobaini, katika mashauri madogo ambayo leo hakuna anayeyakumbuka.

Aliporudi alifanya jambo ambalo sisi tunalithamini kuliko safari yenyewe. Aliandika kitabu, kikatoka mwaka 1932, kiitwacho Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Hakukiandika kwa Kiingereza, ingawa Kiingereza chake kilikuwa kizuri kiasi cha kumfikisha mbele ya Bunge. Alikiandika kwa Kiswahili, ili watu wa nyumbani wapate kusoma mambo yaliyotendwa kwa ajili yao. Msemaji ana safari mbili, ya kwenda na ya kurudi. Wengi huipenda ile ya kwenda, maana ndiyo yenye meli na wakubwa. Ile ya kurudi, ya kuwaeleza waliokutuma, haina sifa nyingi, lakini asiyeifanya amejisemea mwenyewe.

Baada ya hapo Kayamba alipandishwa cheo katika makao makuu ya serikali Dar es Salaam, akawa Mwafrika wa cheo cha juu kabisa katika utawala wa wakati ule. Habari za maisha yake, alizoziandika mwenyewe, zilitolewa Uingereza mwaka 1936 katika kitabu kimoja pamoja na za Waafrika wengine. Kitabu chake juu ya matatizo ya Waafrika kilichapishwa mwaka 1948, naye alikuwa amekwisha kufariki.

Wako waliomlaumu kwamba alikuwa karibu mno na Waingereza, na kwamba hakuchaguliwa na watu bali aliteuliwa na serikali. Lawama hizo zina ukweli. Watu wa Kilimanjaro hawakumpigia kura Kayamba aende kuisemea kahawa yao. Lakini tusimpime mtu wa mwaka 1931 kwa kipimo cha watu waliopata vyama na kura. Nafasi aliyopewa ilikuwa nyembamba, naye aliitumia yote.

Waliokuja baada yake waliipanua. Mwaka 1945 Waafrika wawili wa kwanza waliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Mmoja alikuwa Kidaha Makwaia, mwana wa yule Mtemi aliyekwenda London na Kayamba, na wa pili Mangi Abdiel Shangali wa Machame hapa petu. African Association ikawa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 ikageuka TANU. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1957 Mangi Mkuu Thomas Marealle naye akasimama mbele ya Baraza hilo. Toka chumba cha magazeti cha Tanga mpaka New York ni miaka 33 tu.

Basi, vijana wetu, tunarudi kwenye maswali yenu. Juu ya nani apokewe, tunashauri mlango uwe wazi. Chama cha Tanga kilikuwa na sababu ya kuwa cha makarani, maana ndio waliokuwa na nafasi ya kukutana. Ninyi hamna sababu hiyo. Mkiwaacha nje wasiosoma sana, mtajifunza kuwaambia wasomi wenzenu mambo ambayo wanayajua tayari. Na wasichana wasiitwe kuandaa chai peke yake. Washike uenyekiti kwa zamu kama wengine.

Juu ya lugha, jifunzeni Kiingereza kwa bidii, kwa kuwa Kayamba bila Kiingereza asingefika London. Lakini mazungumzo makubwa yafanyike kwa lugha ambayo kila aliyeketi ataielewa, ili yule mama wa Kiboriloni akirudi nyumbani aweze kuwasimulia jirani zake. Tengeni labda mkutano mmoja kwa mwezi kwa ajili ya Kiingereza.

Nasi wazee tutawasaidia kwa muda tu. Chagueni katibu wenu mapema, nunueni daftari la kumbukumbu, na kila mkutano ufunguliwe kwa kuyasoma yale yaliyosemwa uliopita. Mkifanya hivyo, hata siku ambayo sisi hatutakuwapo, chama kitajua kilipofika na kinapokwenda.