Habari za Bwana Denis Burkitt, Mganga Mpasuaji

Ndugu wapendwa wa Msimbazi, na hasa ninyi walimu, sikilizeni habari za mganga aliyefanya kazi Uganda, nchi ya jirani zetu.

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho moja, lakini hilo halikumzuia kujifunza upasuaji. Mwaka 1946 alifika Lira, na mwaka 1948 akahamia hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Kisu hakikufaa kitu. Majuma machache baadaye, huko Jinja, akaona mtoto wa pili mwenye uvimbe ule ule. Hapo akaanza kuuliza sababu. Akapekua madaftari ya hospitali, akawaandikia waganga wa nchi nyingi, na mwaka 1961 akasafiri na wenzake wawili kwa gari kuukuu yapata maili 10,000, kutoka Kampala hata Afrika ya Kusini na kurudi, wakipita Tanganyika. Wakaona ya kuwa ugonjwa ule hukaa penye joto na mvua nyingi. Vipande vya uvimbe vikapelekwa London kwa ndege, kwa Bwana Anthony Epstein, na mwaka 1964 maabara yake ikagundua kirusi kisichojulikana kabla. Nao watoto wengine waliopewa dawa badala ya kisu wakapona kabisa.

Mwaka 1966 alirudi Uingereza, akageukia magonjwa ya matumbo. Waganga wa vijiji vya Afrika wakamjulisha ya kuwa ugonjwa wa kidole tumbo na saratani ya utumbo mpana, vilivyo vingi Ulaya, kwao ni haba. Yeye na wenzake wakapima uzito wa choo na muda wa chakula kupita tumboni. Wakaona ya kuwa walao nafaka pamoja na makapi yake hupata choo kikubwa kipitacho upesi. Wala hakuficha ya kuwa wazo hilo alilipata kwa Bwana Cleave.

Alifariki mwaka 1993. Basi, tununuapo unga Kariakoo, tusidharau dona kwa weupe wa sembe. Mpasuaji huyu alitaka watu wasifike mezani pake. Na mtoto akiuliza sababu darasani, mwalimu asimnyamazishe.