Keiji Nakazawa: Mchora katuni aliyenusurika bomu la Hiroshima

BOMU la atomiki lilipoangushwa katika mji wa Hiroshima, Japani, asubuhi ya Agosti 6, 1945, Keiji Nakazawa alikuwa mtoto wa miaka sita, amesimama karibu na lango la shule. Ukuta wa shule hiyo ulimkinga dhidi ya joto kali la mlipuko.

Nyumbani hawakuwa na bahati hiyo. Baba yake, mchoraji aliyeipinga vita, dada yake na mdogo wake wa kiume walifia chini ya kifusi cha nyumba yao iliyoteketea. Mama yake alinusurika, na siku hiyo hiyo akajifungua mtoto wa kike ambaye naye hakuishi muda mrefu.

Nakazawa, aliyezaliwa Machi 14, 1939, alihamia Tokyo mwaka 1961 kutafuta riziki kwa kuchora katuni. Kwa miaka kadhaa hakuligusa suala la bomu, kwani manusura walibaguliwa, na wengi waliona heri kunyamaza.

Ukimya huo ulivunjwa na kifo cha mama yake mwaka 1966. Baada ya mwili kuchomwa kwa desturi ya Kijapani, hapakubaki mifupa ya kuhifadhi ila majivu. Akiamini kuwa mionzi ndiyo iliyoila, Nakazawa aliazimia kupambana kwa kalamu yake.

Mwaka 1972 alichapisha katuni fupi ya maisha yake, na mwaka uliofuata akaanza Hadashi no Gen, yaani Gen wa pekupeku, kisa cha mvulana aliyepitia masaibu kama yake. Humo aliilaumu Marekani kwa kuangusha bomu, lakini pia aliwashutumu watawala wa Japani, akiwamo Mfalme Hirohito, kwa kuwaingiza wananchi vitani. Kazi hiyo ilifikia vitabu 10 na kutafsiriwa katika lugha nyingi.

Maradhi ya macho yalimlazimu kustaafu mwaka 2009. Alifariki Hiroshima Desemba 19, 2012 kwa saratani ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 73.

Mabishano hayakuzikwa naye. Mwaka 2013 ilibainika kuwa shule za mji wa Matsue ziliagizwa kuwazuia wanafunzi kuvichukua vitabu hivyo kwa uhuru maktabani, agizo lililofutwa baada ya malalamiko. Mwaka 2023, Hiroshima kwenyewe kuliviondoa katika masomo ya amani.