Jay Miner: Fundi aliyeacha jina lake ndani ya kompyuta

Ukipeleka kompyuta yako kwa fundi pale Kitale ama Bungoma, wewe unajua tu nembo iliyo nje. Fundi akifungua anapata vumbi, nyaya na namba. Majina ya walioitengeneza? Hakuna.

Sasa chukua Amiga 1000 ya mwaka 1985. Toa kifuniko, kigeuze. Utapata saini za waliounda mashine hiyo, na unyayo wa mbwa. Mbwa aliitwa Mitchy. Mwenye mbwa ni Jay Miner.

Miner alizaliwa 1932, Prescott, Arizona. Alisomea uhandisi Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akamaliza 1958. Baadaye akaingia Atari, na chipu iliyochora picha kwenye Atari 2600, ile mashine ya gemu ya 1977, ni kazi yake. Lakini Atari ya siku hizo haikupenda kutaja watu wake. Mmoja wao, Warren Robinett, ilibidi afiche jina lake ndani ya gemu aliyoitunga.

Miner alitaka kujenga kompyuta mpya juu ya chipu ya Motorola 68000. Wakubwa wakakataa. Akatoka. Mwaka 1982 akajiunga na kakampuni kalikokuja kuitwa Amiga, na Mitchy akawa anaenda naye kazini. Pesa zikakauka, Commodore ikawanunua 1984. Mwaka uliofuata mashine ikazinduliwa New York kwa dola 1,295: rangi 4,096, na kazi kadhaa kwa wakati mmoja.

Zile saini hazikuandikwa kwa kalamu kwenye mashine moja moja. Ziliwekwa kwenye umbo la kumiminia plastiki, kwa hivyo kila kasha lilitoka nazo.

Na huyu jamaa alikuwa mgonjwa. Figo zilimsumbua miaka mingi, hadi dadake akampa moja yake. Aprili 1994 Commodore ikafilisika. Juni 20 mwaka huohuo Miner akafariki, akiwa na miaka 62.

Kampuni haiko, mtu hayuko. Majina bado yapo, na unyayo wa mbwa pia.

Kwa hivyo wewe unayechomelea mageti Bungoma, ama unaandika programu Kitale halafu bosi anaiuza kwa jina lake, weka alama yako mahali fulani. Mteja si lazima aione. Siku moja kuna fundi atafungua.