Seyyid Said bin Sultan: Mtawala aliyegawa manowari zake kati ya Maskati na Zanzibar

Seyyid Said bin Sultan, aliyeitawala Omani tangu mwaka 1806 na baadaye kuifanya Zanzibar kuwa makao yake makuu, anakumbukwa zaidi kwa mikarafuu ya Unguja na Pemba na kwa misafara ya biashara iliyoingia bara. Lisilokumbukwa sana ni kwamba mamlaka yake yote yalibebwa na manowari, na kwamba idadi ya manowari hizo haikutosheleza kamwe ukubwa wa pwani aliyodai kuitawala. Kwa takriban miaka 50 alilazimika kuamua ni meli ngapi zikae mbali na nyumbani, ni ngapi zibaki kulinda nyumbani, na namna ya kuzuia zile zilizobaki zisioze bandarini. Uamuzi wake uliigusa pwani yote ya Afrika Mashariki, ukafika hadi chini ya Milima ya Usambara.

Said alizaliwa nchini Omani mnamo mwaka 1791. Baba yake, Sultan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1804 katika mapigano ya baharini kwenye Ghuba. Miaka miwili baadaye Said, akiwa bado kijana, alimwua ndugu yake Badr bin Saif, aliyekuwa ameshika madaraka, akatwaa uongozi yeye mwenyewe. Nchi aliyoirithi ilizungukwa na wapinzani: Wawahabi upande wa bara, Waqasimi katika Ghuba, na jamaa zake waliodai haki ya kutawala miji kama Sohar. Katika mazingira hayo, meli ilikuwa ndiyo silaha ya kwanza na chombo cha kwanza cha mapato.

Upande wa Afrika, Unguja ilimtii, lakini Mombasa ilikuwa chini ya ukoo wa Mazrui, ambao haukuitambua mamlaka yake. Majeshi yake yaliinyang'anya Mombasa kisiwa cha Pemba katika miaka ya mwanzo ya 1820, ila mji wenyewe uliendelea kumkatalia. Kati ya mwaka 1824 na 1826 Mombasa iliwekwa hata chini ya ulinzi wa bendera ya Uingereza, kwa hatua ya nahodha Owen ambayo serikali yake haikuiidhinisha.

Ugumu wa kazi iliyokuwa mbele yake ulitokana na bahari yenyewe. Kutoka Maskati hadi Zanzibar ni zaidi ya kilomita 3,500, na safari hiyo iliongozwa na pepo mbili. Kaskazi ilizileta merikebu kusini kuanzia mwishoni mwa mwaka, na kusi ilizirudisha kaskazini katikati ya mwaka uliofuata. Meli iliyokosa msimu ilisubiri kwa miezi mingi. Kwa sababu hiyo, manowari iliyokuwa Mombasa haikuweza kuitwa kwa haraka kuiokoa Maskati, wala iliyokuwa Maskati haikuweza kuwahi Mombasa.

Tatizo hilo lilidhihirika mwaka 1828. Mwezi Januari Said alifika Mombasa na msafara wa meli za kivita uliojumuisha Liverpool, manowari ya mizinga 74 iliyojengwa Bombay na kukamilika mwaka 1826. Baada ya mapigano na mazungumzo, askari wake waliingia Ngome ya Yesu. Aliacha kikosi cha ulinzi humo, akaenda Zanzibar, kisha akarejea Omani ambako utawala wake ulikuwa ukitikiswa. Meli zilipotoweka kwenye upeo wa macho, kikosi kilichoachwa kilibaki peke yake. Wamazrui walikizingira ngomeni mpaka njaa ikakilazimisha kusalimu amri.

Mwaka huohuo Said alishindwa pia katika shambulio dhidi ya Bahareni, ambako alipoteza watu wengi. Alirudi Mombasa mwishoni mwa mwaka 1829 bila mafanikio, na habari za uasi wa Hamud bin Azzan wa Sohar zikamrudisha tena Omani. Jaribio la mwaka 1833 nalo lilishindwa. Katika majaribio yote hayo meli zake zilikuwa kubwa kuliko chombo chochote cha wapinzani wake. Zilichokosa ni uwezo wa kubaki.

Mombasa ilipatikana mwaka 1837, na kilichoifungua zaidi ni mgawanyiko ndani ya ukoo wa Mazrui, uliozuka baada ya kifo cha liwali wao Salim bin Ahmad, kuliko mizinga. Upande mmoja ulimwita Said, naye akaingia mjini. Muda si mrefu wakuu kadhaa wa Mazrui walikamatwa na kusafirishwa hadi Bandar Abbas, na wengi wao hawakurudi.

Wakati huo Said alikuwa tayari ameanza kuhamishia makao yake Zanzibar, hatua iliyokamilika kufikia mwaka 1840. Uhamisho huo unaweza kutazamwa kama jibu la swali la meli. Badala ya kuziendesha manowari kila msimu kwenda kulinda mapato ya Afrika, alihamia mahali mapato yalipo na kumwacha mwanawe Thuwaini akisimamia Maskati. Mapato hayo yalitokana na karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa, na mashamba ya karafuu yalilimwa kwa jasho la watu waliotekwa bara. Gharama ya binadamu iliyoendesha dola hiyo, pamoja na meli zake, ililipwa na familia za Waafrika wasiohesabika.

Kudumisha manowari kulihitaji fedha, mbao, kamba, matanga na mabaharia wenye ujuzi, mahitaji ambayo hazina yake haikuyamudu kwa meli zote. Mwaka 1836 Said alimzawadia Mfalme William wa Nne wa Uingereza manowari ya Liverpool, ambayo iliingizwa katika jeshi la majini la nchi hiyo kwa jina la Imaum. Kwa zawadi hiyo alipunguza gharama ya chombo kikubwa kisichofaa sana kwa maji mafupi ya pwani, na wakati huohuo akajenga urafiki na taifa lenye nguvu kuliko yote baharini. Meli nyingine zilipakiwa bidhaa. Sultana, iliyofika New York mwaka 1840 chini ya Ahmad bin Naaman, ilibeba shehena ya biashara pamoja na zawadi kwa Rais wa Marekani. Biashara ililipia matengenezo, lakini meli iliyoko safarini na shehena haikuwa tayari kwa vita.

Udhaifu huo ulionekana Siyu, katika visiwa vya Lamu, katika miaka ya 1840. Bwana Mataka, mtawala wa mji huo, aliyakabili majeshi ya Said yaliyoshushwa kutoka melini na kuyashinda. Manowari ziliweza kufikisha askari ufukweni, lakini hazikuweza kuwafuata walipoingia mikokoni na vichakani.

Kwa wananchi wa Rangwi na maeneo mengine ya Lushoto, mpaka huo wa nguvu za baharini ni sehemu ya historia yao. Milima ya Usambara ilikuwa chini ya Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene wa Washambaa, aliyetawala kutoka Vugha na kuwaweka wanawe katika wilaya za himaya yake. Ushawishi wake ulishuka hadi miji ya pwani, ambako majumbe walihitaji kutambuliwa naye na pia na Sultani. Hakuna manowari iliyoweza kupanda milima hiyo. Mnamo mwaka 1853 Said aliweka kituo cha ulinzi Tongwe, karibu na Mto Pangani, chenye askari wachache wa Kibaluchi. Kituo hicho kilionyesha bendera na kuangalia njia ya biashara, lakini hakikuwa na nguvu ya kuamuru Vugha. Said na Kimweri waliishi kwa kuvumiliana, kila mmoja akijua mahali uwezo wake unapokoma.

Mwaka uliofuata Waajemi waliwaondoa watu wa Said kutoka Bandar Abbas, naye akalazimika kusafiri tena kwenda kaskazini, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Hakufanikiwa kuirejesha bandari hiyo kwa nguvu, akakubali kuitawala kwa masharti mazito ya Uajemi. Alifariki dunia mwezi Oktoba 1856, akiwa ndani ya meli yake Victoria karibu na visiwa vya Shelisheli, njiani kurejea Zanzibar.

Dola yake haikudumu nzima. Majid alishika Zanzibar na Thuwaini akashika Maskati. Mwaka 1859 Thuwaini aliandaa msafara wa meli kuishambulia Zanzibar, ukageuzwa njiani na Waingereza. Mwaka 1861 Waingereza hao hao waliamua kwamba nchi hizo mbili zitengane na kwamba Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Umoja uliokuwa umeshikiliwa kwa manowari chache zilizogawanywa kati ya bandari mbili uliamuliwa mwishowe na taifa lililokuwa na meli za kutosha kuwepo katika bandari zote mbili kwa wakati mmoja.