Albrecht Kossel na Siri ya Kiini

Wengi wetu twaijua DNA kwa kuikariri darasani, lakini aliyefungua njia yake hatumjui. Basi leo nakusimulia maisha ya Albrecht Kossel.

Kossel alizaliwa tarehe 16 Septemba 1853 mjini Rostock, Ujerumani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Utotoni alipenda sana mimea, lakini alipokua alisomea udaktari. Mwalimu wake, Felix Hoppe-Seyler, alimvuta kwenye maabara, na huko ndiko alikobaki. Swali lake lilikuwa moja tu: ndani ya kiini cha seli mna nini?

Mwaka 1884 alichukua damu ya bata bukini. Kwa nini bata? Kwa sababu chembe nyekundu za damu yetu zikikomaa hazina kiini, ila za ndege zinacho. Mle ndani alipata protini, akaiita histoni. Baadaye, pamoja na wenzake, alitambua adenini, thimini na sitosini, ambazo ni herufi za DNA. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1910. Akafariki Heidelberg tarehe 5 Julai 1927, kabla ya kazi ya histoni kujulikana.

Sasa yajulikana. DNA ya seli moja ya binadamu ikinyoshwa hufika kama mita 2! Yakaaje humo? Nenda kwa fundi cherehani yeyote hapa kwetu Majengo uitazame bobini: uzi mrefu, mahali padogo. Histoni ndizo bobini za DNA. Tena mwili huzibandika alama ndogondogo, na alama hizo husaidia kuamua uzi upi ufunguliwe usomwe na upi ubaki umefungwa.

Hapo ndipo vitamini inapoingia. Kuna kimeng'enya kiitwacho bayotinidasi, ambacho huikomboa vitamini ya bayotini ili mwili uitumie tena. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba katika maabara chaweza pia kuibandika bayotini juu ya histoni. Lakini mwaka 2008 wengine walipinga, wakasema alama hiyo si ya asili ndani ya seli. Ubishi huo haujaisha.

Nanyi mnaonyanyua vyuma mkameza mayai mabichi kila siku, sikilizeni! Ute mweupe mbichi una avidini, protini inayoikamata bayotini isiingie mwilini. Moto huiharibu avidini. Kwa hivyo yai la kuchemsha na kachumbari, la pale barabarani, ndilo bora.

Ndugu msomaji, Kossel alichambua damu ya bata bila kujua itamfikisha wapi, na zaidi ya miaka 100 baadaye maswali bado yachipuka pale pale. Huenda jibu likatoka kwa mmoja wetu wa Majengo. Subira yavuta heri.